Mwamba wa Jilore na Wimbo wa Saba

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la vifaa vya umeme mjini Malindi, kwa herufi kubwa za wino mwekundu: ANATAFUTWA MPIGA NGOMA WA MWAMBA. AJE KIBARANI, KILIFI, JUMAMOSI SAA NNE. Aliyeliandika ni Odera, fundi wa sola mwenye gitaa la umeme na imani isiyotikisika katika kamusi. Alitaka kusema kwamba bendi yake inapiga roki. Kwa kuwa alikuwa ameambiwa watu wa Pwani hawapendi Kiswahili cha kuchanganya, akatafuta neno, akapata mwamba, akaridhika.

Kitsao Thoya alilisoma tangazo hilo mara tatu. Kazi yake yeye ilikuwa kuwamba ngoma: huloweka ngozi, hukwangua manyoya, huivuta ikiwa mbichi juu ya mdomo wa gogo, huikaza kwa kamba na kuiacha jua limalizie. Mtu wa kazi hiyo huitwa mwamba, na kutoka Jilore hadi Ganda, mwamba aliyebaki anayejulikana kwa jina alikuwa yeye. Basi tangazo lilimjia kama barua. Kilichomtatiza ni huyo mpiga ngoma wa mwamba, kwa sababu hakuwa na mpiga ngoma wake. Akaamua kwenda mwenyewe kwa nafasi zote mbili.

Jumamosi alifika Kibarani na ngoma tatu zilizofungwa kwenye magunia.

"Shikamoo, mzee," Odera akamwambia mlangoni. "Umeleta za kuuza?"

"Marahaba. Nimekuja kwa lile tangazo. Mimi ndiye mwamba."

Odera akamtazama Cherop, mwimbaji wa bendi, binti wa kutoka Kapsabet aliyekuwa akifanya kazi ya maabara katika zahanati moja ya hapo. Vijana wa mjini hulitumia neno hilo kwa mtu anayejiona hana mpinzani. Asubuhi ile walikuwa wamekwisha kuwasikiliza vijana watatu, kila mmoja akajieleza kwa unyenyekevu mwingi na kupiga vibaya. Huyu, mwenye mvi kidogo na shati lililopigwa pasi, alikuwa wa kwanza kuanza kwa majigambo.

"Mwamba kabisa?" Cherop akauliza.

"Kabisa. Tangu mwaka wa tisini na sita."

"Na mpiga ngoma je?"

"Huyo pia ni mimi. Mtanivumilia."

Akapiga robo saa bila kumtazama mtu. Alipomaliza, Odera aligundua kwamba alikuwa amelishika gitaa muda wote huo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Hawakumuuliza swali jingine. Bendi iliitwa Kibarani Sita, lakini kwa miaka miwili ilikuwa na watu watano, maana mpiga ngoma wa kwanza alihamia Nakuru na ngoma zake. Kwa kuja Kitsao, jina likawa la kweli tena. Zilipita wiki mbili kabla ya mtu yeyote kutambua kwamba siku ile walikuwa wakizungumza mambo matatu tofauti, na kufikia hapo hapakuwa na faida ya kusahihishana.

Ni vyema kueleza kwamba Kibarani Sita ilipiga roki ya kawaida, ile ambayo watu wengi huipenda bila kujua wameipenda, na ambayo ingeweza kupigwa kwenye harusi bila kuharibu ndoa. Kabla ya Kitsao, mtu angeweza kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho huku akijaza fomu. Baada ya Kitsao, fomu zilikuwa na makosa.

Alikuwa amezaliwa Jilore, akaacha shule darasa la saba, na akajifunza kuwamba kwa mjomba wake, mtu mkali asiyepoteza maneno. Mwanafunzi akiwamba vibaya, mjomba hakukaripia. Alichukua kisu, akaitoboa ile ngozi katikati, akarudi kunywa uji wake. Kitsao alitobolewa ngozi kumi na moja, na anaweza kukuambia kosa la kila moja.

Baadaye alipiga ngoma katika hoteli moja ya Malindi, kila Alhamisi wageni wakila chajio, amevaa sketi ya mkonge ambayo hakuna babu yake aliyewahi kuiona. Meneja alimwomba apige haraka zaidi, kwa kuwa wageni walikuwa Wataliano na likizo yao ilikuwa fupi. Kitsao alipiga haraka kwa miaka minne. Kisha siku moja akaivua sketi, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya meza ya meneja na kurudi nyumbani kutengeneza ngoma za makanisa na za shule zinazokwenda kwenye mashindano ya muziki. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba ngoma zilikuwa zinachoka.

Mkewe, Hannah, ambaye yeye humwita Mama Pola kwa jina la mtoto wao, hulalamika kwamba mumewe hawezi kupita kitu bila kukigonga kwa kidole: papai, pipa, mlango wa watu. Siku ya posa aligonga kabati la baba mkwe, akatega sikio, na mzee akadhani anataka kulinunua.

Albamu waliirekodi mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, katika studio moja ya Kilifi isiyo na dirisha. Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu kilinguruma. Watu sita wakatokwa na jasho ndani ya chumba kilichofungwa kama birika, na ngozi za ngoma, ambazo hunywa unyevu wowote unaozikaribia, zikanywa jasho lao. Kitsao aliomba atoke nje azikaushe kwa moto wa makuti. Nje kulikuwa na mvua. Akaomba awashe moto kidogo barazani. Mwenye studio akamtazama kama mtu aliyeomba kuchinja mbuzi juu ya kompyuta. Wimbo wa saba, uitwao "Kivuko", wa dakika sita na nusu, ndio uliorekodiwa mwisho, watu wote wakiwa hoi.

Albamu ikaitwa Mwamba. Odera alisema ni jina la muziki, Cherop alisema ni jina la mzee. Kitsao alimtumia Hannah picha ya jalada kwenye simu, bila maneno.

Ilipotoka, sifa zilikuja kwa wingi wa kutisha. Mhakiki mmoja wa mtandaoni alitumia aya mbili kueleza jina la albamu: uimara wa jabali mbele ya mawimbi, na kadhalika. Mwingine, ambaye inaaminika aliwahi kulala Watamu siku mbili, aliandika kwamba kule kushuka kwa sauti ya ngoma katika wimbo wa saba ni "mteremko wa makusudi, sauti ya Pwani inayozama taratibu katika kusahauliwa." Wengine wakalinakili hilo kwa maneno yao, kila mmoja akiuongezea mteremko kina kidogo. Odera alizichapisha sifa zote akazibandika ukutani mwa chumba cha mazoezi. Kitsao alizisoma akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesoma orodha ya madeni ya jirani.

Kisha likaja gazeti la Jumamosi. Mhakiki wake aliitwa Njenga, na hakuwa na haraka ya kupendwa. Hannah ndiye aliyesoma kwa sauti, nyumbani Jilore, miwani ikiwa puani.

"'Hii ni albamu nzuri, ya pili kwa uzuri kati ya nilizosikia mwaka huu. Lakini katika wimbo wa saba ngoma inalegea. Haishuki kwa kusudi, jamani. Inalegea, kama kamba ya kuanikia nguo. Ama mpiga ngoma hakusikia, ama alisikia akanyamaza. Sijui lipi baya zaidi.'" Hannah akavua miwani. "Huyu Njenga ni nani, na mamake ana habari?"

"Soma tena hapo kwenye kamba."

"Sisomi."

"Soma, Mama Pola."

Akasoma. Kitsao akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za ndugu aliyepotea.

"Huyu mtu ana masikio," akasema.

"Na mdomo pia anao."

Jumatatu yake kampuni moja ya Nairobi ikamwandikia Odera. Walikuwa tayari kuisambaza albamu nchi nzima, na "Kivuko" ndio wimbo ambao ungetangulizwa redioni. Sharti lilikuwa moja: ngoma ya wimbo huo itolewe, iwekwe ya kompyuta. Wao pia walikuwa wamesoma gazeti. Jibu walilitaka kufikia Ijumaa.

Odera aliwaita wote Kibarani jioni hiyo. Alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa akienda.

"Mzee wangu, naona kuna njia mbili. Tunaweza kuwaambia ni mteremko wa makusudi. Si wahakiki wameandika wenyewe? Tunawaonyesha. Ama tukubali kompyuta. Ni wimbo mmoja tu kati ya kumi."

"Ya kwanza ni uongo," Kitsao akasema. "Ya pili ni ngoma isiyo na mnyama."

"Sasa wewe unataka nini, baba?" Cherop akauliza.

"Nataka kuitoboa."

Wakamtazama. Akawaeleza habari ya mjomba na kisu, kwa ufupi, kama mtu anayeeleza kanuni za barabarani.

"Ile ngoma niliisikia ikilegea," akaendelea. "Niliisikia wakati ule ule. Ninyi mlikuwa mmechoka, mwenye studio alikuwa anatazama saa, na mimi nikajiambia, hawa hawatajua. Na kweli hamkujua. Hao mliowabandika ukutani nao hawakujua. Huyo mtu anauliza lipi baya zaidi, kutosikia au kusikia ukanyamaza. Jibu analo sasa: ni hili la kwangu."

Cindy, mpiga kinanda, ambaye pia ndiye aliyejua mambo ya mitambo, alijishughulisha na waya usiokuwa na shida yoyote.

"Nipeni mpaka Alhamisi niupige upya," Kitsao akasema. "Si studio. Kwangu. Nikishindwa, wekeni hiyo kompyuta yenu, na jina langu mlitoe kwenye jalada."

"Mzee," Odera akasema, "jina lako ndilo jalada."

Jumanne, Kitsao alimpigia simu Njenga. Nambari aliitafuta Cindy, kwa shingo upande, kwa kuwa alidhani mzee anakwenda kugombana. Njenga naye alidhani hivyo hivyo.

"Mimi ni Kitsao Thoya. Ndiye mpiga ngoma wa ule wimbo wa saba."

"Sikiliza, mzee," Njenga akasema upesi, "maoni ya mhakiki ni maoni. Hata mhariri wangu..."

"Ulisikia ikilegea dakika ya ngapi?"

"Samahani?"

"Nauliza dakika. Ilianza kulegea dakika ya ngapi?"

"Kama... dakika ya nne hivi."

"Ya tatu na nusu. Lakini umejitahidi." Kitsao akakohoa kidogo. "Na mwanzoni, kabla haijalegea, ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa sana. Kwa kweli ndiyo maana iliniudhi."

"Ahsante. Nilitaka kujua hilo tu. Wasalimie nyumbani."

Njenga alibaki na simu sikioni. Katika miaka kumi na tatu ya kuandika uhakiki alikuwa ametishwa, ametukanwa, na mara moja akatumiwa kuku aliyekufa. Kushukuriwa kulikuwa hakujampata.

Alhamisi bendi ilifika Jilore na kompyuta ya mkononi, betri na vipaza sauti viwili. Ala nyingine zilikuwa zimekwisha kurekodiwa, kwa hiyo Kitsao angeusikia wimbo masikioni na kupiga ngoma peke yake. Alichagua saa saba mchana, nje, uani, saa ambayo hata kuku hujikalia. Ngoma alikuwa ameianika tangu saa tatu, akiigeuza kila baada ya muda kama mkate.

Kelele iliyobaki ilikuwa ya kinu cha kusaga mahindi cha jirani yake, Mwaringa. Kitsao akavuka kwenda kumwomba akizime.

"Kwa muda gani?" Mwaringa akauliza, nyuma yake foleni ya wanawake na ndoo zao.

"Dakika sita na nusu."

"Ni wimbo wa kanisa?"

"Ni wa mwamba."

"Basi ni wako," Mwaringa akasema, akakizima.

Kitsao akapiga. Mpaka dakika ya tatu kila mtu alitabasamu. Kisha Cindy akaanza kukunja uso, na kufikia mwisho alikuwa amevua vipokea sauti vya masikioni.

"Sasa inapanda, mzee."

"Nimesikia."

Jua kali lilikuwa limeendelea kuikaza ngozi wakati akipiga, na sauti ikapanda kidogo kidogo kama mtu anayekasirika.

"Tuiache," Cherop akasema. "Wataandika kwamba Pwani imefufuka."

Hakuna aliyecheka kama Kitsao, lakini alicheka akiwa ameshaweka kiganja juu ya ngozi, akifikiri. Wakajaribu kivulini, chini ya upenu. Kufikia dakika ya tano ikaanza kulegea. Kinu kilizimwa kwa mara ya pili, na foleni kule ng'ambo ikaanza kutoa maoni ambayo, kwa uwazi wake, yalimzidi Njenga.

"Mwambie Kitsao tunataka unga, si mwamba!" mama mmoja akapaza sauti.

"Mara moja tu ya mwisho," Mwaringa akamjibia. "Baada ya hapo hata akija na askofu sizimi."

Kitsao akasimama katikati ya uwanja, akatazama jua, akatazama upenu.

"Mama Pola," akasema, "lete leso yako ya kujifunga."

"Ya nini?"

"Usimame hapa. Nikitikisa kichwa mara moja, ifunike ngoma kwa kivuli. Nikitikisa mara mbili, iondoe. Isiiguse ngozi."

"Dakika sita na nusu nimenyoosha mikono? Mimi ni mlingoti?"

"Ni wimbo mmoja tu kati ya kumi."

Hannah akaifungua leso, akaishika pembe mbili, akasimama upande wa jua. Kinu kikanyamaza mara ya tatu. Kitsao akafumba macho.

Kilichofuata ni vigumu kukieleza kwa mtu ambaye hakukiona, na walioshuhudia ni wachache: wanabendi, Mwaringa na foleni ya mahindi, ambayo sasa ilikuwa imehamia uani. Mzee wa miaka hamsini na miwili alikuwa akipiga ngoma juani, jasho likimwagika kila mahali isipokuwa juu ya ngozi, maana alikuwa ameegemea nyuma kwa makusudi lisiidondokee. Masikio yake yalikuwa na kazi mbili: moja lilifuata wimbo, jingine liliisikiliza ngoma yenyewe, na kabla mtu mwingine yeyote hajasikia badiliko lolote, kichwa kilitikisika, na leso ikaja. Kikatikisika mara mbili, ikaondoka. Kadiri wimbo ulivyoendelea Hannah akaacha kungoja kichwa. Alianza kuisikia mwenyewe. Dakika ya tano alikileta kivuli bila kuambiwa, na Kitsao, macho yakiwa yamefumbwa, akatabasamu bila kukosa pigo.

Pigo la mwisho lilikuwa na sauti ile ile ya pigo la kwanza. Cindy alilipima kwenye kompyuta, kisha akalipima tena, kwa kuwa alikuwa msomi. Yule mama aliyetaka unga akasema, "Haya, sasa hiyo ndiyo," na kwenda zake kinuni.

Ijumaa Odera aliwatumia kampuni wimbo huo, na kuongeza sentensi moja ambayo baadaye aliionea fahari: ngoma ya zamani tumeitoa, kama mlivyotaka. Kampuni hawakuuliza ni kompyuta gani. Walisema ni nzuri, na kwamba teknolojia imeendelea sana. Odera alitaka kuwaeleza. Cherop akamzuia mpaka mkataba utiwe saini, kisha akawaeleza yeye.

Albamu ilitoka upya mwezi wa Novemba. "Kivuko" ukapigwa redioni mpaka wahudumu wa hoteli za Malindi wakaanza kuuimba wakitandika vitanda. Njenga akaandika tena, safari hii ukurasa mzima. Hannah alilinunua gazeti mwenyewe, na safari hii hakungoja kuombwa kusoma.

Njenga alisema gitaa la Odera linajirudia mno, lakini linajirudia vizuri. Alisema sauti ya Cherop imekomaa. Alimsifu Cindy kwa kinanda cha wimbo wa pili, akalalamikia maneno ya wimbo wa tisa. Kuhusu wimbo wa saba alisema kwamba ni dakika sita na nusu ambazo alizisikiliza mara nne mfululizo, akiufuata wimbo wenyewe bila sikio kukwama popote, akasahau kuandika chochote kwenye daftari.

Hannah akageuza ukurasa. Akaurudisha.

"Ngoma hajaitaja," akasema.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama! Amemsema Odera, amemsema Cherop, mpaka na picha ya jalada ameisema. Wewe humo. Mikono yangu iliniuma wiki nzima, Baba Pola, na ngoma haimo."

"Haimo kabisa?"

"Hata herufi."

Kitsao akaliomba gazeti. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikimcheza, kuhakikisha. Alipofika mwisho akarudia ile aya ya wimbo wa saba. Kisha akauchana ukurasa kwa kufuata mkunjo, taratibu, asiuharibu, akaubandika ukutani juu ya mahali anapofanyia kazi. Uko hapo mpaka leo. Wageni wanaokuja na ngoma za makanisa huusoma, huulizana, na mwishowe humwuliza yeye kwa nini amebandika habari isiyomtaja. Kitsao huwaambia wasome tena.